Nyumba Tisa na Mtu Aliyezihesabu

Jumatatu asubuhi nilikuwa nashuka sokoni na mkungu wa ndizi begani, nikakutana na mpagazi mmoja tunayefahamiana. Hata salamu hajamaliza, akaniambia, "Yule mhesabu nyumba wa Bomani kafa jana alasiri. Kifua." Halafu akacheka. "Sasa huko kaburini atahesabu nini? Si atakosea tena!" Wasomaji wangu mnanijua. Mwezi uliopita mhariri wangu huko pwani alinikata nusu ya maneno kwa sababu ya ukali, na kila siku naahidi kwamba nitatulia. Nilitua mkungu chini taratibu kabisa, nikamshika yule bwana kanzu yake shingoni, nikamwambia rudia. Hakurudia. Watu wakatuachanisha, mama mmoja muuza magadi akanipigia kelele, "Wewe kijana, mtu amekufa na wewe unataka kuongeza wa pili?" Nikaona aibu, nikauacha mkungu palepale, nikapanda kilima mbio kwenda kumwambia yeyo, yaani mama yangu. Leo basi nataka kuandika juu ya marehemu huyu, na safari hii namwomba mhariri asinikate. Yule Bwana wa Boma aliyeamuru apigwe ameshapanda meli kurudi kwao, jumbe wetu wa wakati ule ameshafariki, na nyumba nitakazozitaja zimeshalipiwa kodi mpaka zimechakaa. Hakuna wa kufungwa tena. Amebaki mtu mmoja tu wa kusafishwa jina, naye hawezi kujisemea.

Kwa ambao hamkumjua: alikuwa mtu wa pwani, alipanda huku na mizigo ya safari za zamani, akaoa mwanamke wa mlimani, akajenga chini karibu na mto Themi. Boma walimpa kazi ya kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi. Alikuwa mfupi, mkimya, na chokaa haikumtoka vidoleni. Kazi yake aliifanya kwa namna yake. Wahesabu wengine walisimama njiani, wakanyoosha kidole, moja mbili tatu, wakaenda zao kunywa pombe ya ndizi kwa jumbe. Yeye aliingia kila nyumba. Aliinama mlangoni, akapiga hodi, akamsalimia mwenye nyumba, akaangalia jiko, akatoka, akachora mstari wa chokaa kwenye nguzo ya mlango. Nyumba yenye jiko ni nyumba, isiyo na jiko ni banda, ndivyo alivyosema. Huku kwetu kila mke ana nyumba yake na jiko lake, mnajua, kwa hiyo mzee mwenye wake watatu ana kodi tatu. Na mnajua pia watu walifanya nini. Siku chache kabla ya hesabu, nyumba za wake wadogo zilibomolewa, wenye nyumba wakahamia kwa wake wakubwa na watoto wao na vyungu vyao, wakabanana humo kama kuku kwenye tenga.

Baba yangu alibomoa ya mama. Mimi ndiye niliyekokota nguzo. Yule mhesabu alipofika akaona nyumba moja imesimama, ya mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, na pembeni duara la udongo mtupu halina hata jani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimevimba, kijana niliyejifunza kusoma kwa maandishi ya masanduku ya sabuni na kujiona mwanachuoni, nikamwambia, "Mbwa wa Boma, hesabu uondoke." Akaenda kusimama katikati ya lile duara.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na mbuzi."

Akachokoa majivu kwa kidole cha mguu. "Mbuzi wenu wanapika?"

Mama mkubwa akaziba mdomo asicheke. Mimi niliona tumekwisha. Lakini yule mtu akapangusa mguu wake kwenye majani, akasema, "Mimi nahesabu nyumba, sihesabu madoa," akachora mstari mmoja kwenye nguzo moja, akaenda. Hiyo nataka muikumbuke. Aliyoiona imesimama aliiandika, isiyosimama hakuiandika. Kutisha watu au kupewa mbuzi ili afumbe macho hakukujua. Alikuwa na fahari moja tu duniani, kwamba kitabu chake na ardhi vinasema kitu kilekile.

Baadaye baba akafariki. Halafu mvua ikakosa, ikakosa tena, na ilipokuja ikaja kwa hasira, ikateremsha matope kutoka juu ya Meru, Themi ikabeba mashamba ya chini, nyumba zikalala kifudifudi. Njaa ile sitaieleza, wengi wenu mlikuwepo. Nitasema hili tu: dada yangu mdogo alikuwa ameacha kulia, na mama alikuwa akimfinya usiku na mchana ili asikie sauti. Ndipo Boma likapiga ngoma sokoni. Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya wa wakati ule, amefungua fedha za wilaya. Mchele na unga vimenunuliwa, vinakuja na magari ya ng'ombe. Kila nyumba itapewa kipimo chake kila wiki mpaka mavuno. Na ambaye nyumba yake imeanguka ataruhusiwa kukata miti na nyasi kwenye msitu wa serikali, bure, asimamishe upya. Watu walishangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, nilirusha kofia. Kisha mpiga ngoma akamalizia: kila nyumba iliyomo kitabuni.

Juu ya Sekei, kwenye kilima chetu peke yake, palikuwa na wanawake tisa wasiokuwamo. Tulikuwa tumewaficha vizuri mno. Mama mkubwa angepata kipimo kimoja, cha nyumba moja, nacho kingeingia kwenye midomo ya nyumba mbili. Na mama mkubwa alikuwa na watoto wake watano. Simlaumu, lakini jioni ile alianza kupika akiwa amekalia mlango ili sisi tusiingie. Tukasikia pia kwamba baada ya siku tano Bwana Shauri atapanda mwenyewe kuona nyumba zilizoanguka, na akishashuka kitabu kitafungwa mpaka mavuno.

Nilifanya nini? Nilichukua fimbo nikashuka mtoni kumpiga mhesabu. Nilimkuta amekaa kizingitini na kitabu chake magotini. Nikamwambia wewe ndiwe uliyetuacha nje, mama yangu akifa nitakuzika naye. Akasema, polepole kama anayemfundisha mtu kufunga mzigo, "Sikuwaacha nje. Mlijitoa." Nikainua fimbo. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, mama mmoja mwembamba, akaniambia, "Mpige, baba. Lakini ukimaliza umpe na uji, maana hajala tangu jana. Unga wake kawapelekea watoto wa kule ng'ambo, hao nao hawamo kitabuni." Fimbo ikabaki juu. Sijawahi kuona kitu kizito kama fimbo ile.

"Mko wangapi?" akaniuliza.

"Tisa."

"Tisa nyumba au tisa watu?"

"Wanawake tisa na watoto wao."

"Basi hiyo si nyumba. Mimi siwezi kuandika kitu kisichosimama." Akafunga kitabu. "Msitu umefunguliwa, siku zipo tano. Kajengeni. Lakini sikiliza, kijana. Zisiwe mpya. Akiona mpya atasema mmejenga kwa ajili ya mchele, atazichoma moto, na jumbe wenu atafungwa mnyororo. Ziwe kama zilikuwepo siku zote. Nguzo za mabanda ya mbuzi, nyasi za paa la zamani, masizi, na majivu yawe mengi. Huyu Bwana nimetembea naye, nimemfundisha mimi mwenyewe kuangalia jiko." Nikawa nimeshageuka kukimbia, akaniita tena. "Na uwaambie jambo la pili. Nikishaiandika haifutiki. Mwakani itadaiwa kodi kama nyingine zote. Waambie tisa wote, mmoja mmoja, wasije wakasema hawakuambiwa."

Niliwaambia. Naapa kwa mkate wangu, niliwaambia tisa wote, mmoja mmoja, na waume waliokuwa hai nikawaambia. Mmoja wao, ambaye leo ndiye anayesema sana, alinijibu, "Mwakani? Tuwe hai kwanza ndiyo watudai." Tukajenga. Jamani, tulijenga! Tulivunja mabanda ya mbuzi ambao tulikuwa tumeshawala, tukakata fito, tukabadilishana nyasi na nyumba za wake wakubwa, nyeusi zikaja kwetu na mbichi zikaenda kwao, kwa kuwa wao hawakuwa na la kuogopa. Udongo mbichi haukutusaliti, maana baada ya mvua ile kila mtu alikuwa anakandika. Tukawasha majani mabichi ya migomba humo ndani, tukafukiza moshi siku tatu, watu wanatoka macho mekundu kama wameng'atwa na nyuki. Majivu tulibeba kwa vikapu kutoka majiko ya wake wakubwa. Nao walitoa. Waliotupiana maneno mwaka mzima walipeana majivu.

Isipokuwa mimi. Na hapa ndipo hasira yangu ilipotaka kuua watu. Jiko huku kwetu ni mafiga matatu, mawe meusi ya miaka. Yeyo aliniambia nenda kamwombe mama mkubwa mafiga ya akiba, yapo nyuma ya nyumba yake. Mimi kwa kuwa mama mkubwa alikuwa amekalia mlango siku ile, nikasema siwezi kumwomba mtu huyo hata jiwe. Nikashuka mtoni, nikaokota matatu, meupe, yameoshwa na Themi yakang'aa kama mayai, nikayapanga juu ya majivu ya kuombwa. Yeyo alipoyaona asubuhi, tayari mbwa walikuwa wanabweka njiani.

Bwana Shauri alikuja na askari wawili, jumbe, na mhesabu nyuma na kitabu. Aliingia nyumba ya kwanza akatoka, ya pili akatoka. Ya tatu alichoma fimbo kwenye majivu akapima kina kwa kidole. Tulikuwa tumesimama nje na hakuna aliyekohoa, na wote tulikuwa na sababu ya kukohoa. Yetu ilikuwa ya saba. Aliingia, mhesabu akaingia, mimi nikasimama mlangoni. Bwana akaangalia paa, akapitisha kidole kwenye nguzo, kikatoka cheusi, akatingisha kichwa. Kisha akaangalia jiko. Akaendelea kuliangalia.

"Mawe haya mapya."

Mimi nikatazama miguu yangu. Mimi, msemaji! Aliyesema ni mhesabu, na alisema kwa kuudhika, kama mkwe anayelalamika. "Mama, yale mafiga yako yako wapi?"

Yeyo hakumtazama. Alikuwa anamkuna dada yangu mgongo. "Si yalipasuka kwa mvua, baba? Maji yaliingia moto ukiwaka. Na huyu mwanangu mkubwa hivi, kumwambia alete mengine imechukua wiki."

Askari mmoja akacheka. Bwana akatabasamu kidogo, nikaona tumepona. Hatukupona. Tulipomaliza ya tisa, Bwana akanyoosha mkono, akapewa kitabu, akasoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukata, "Nyumba hizi za zamani. Nimeona. Kitabuni hazimo. Sasa: watu walificha, au wewe ulikosea?"

Kilima kizima kikasikia swali lile, na mimi ndipo nikaelewa kitu ambacho yule mtu alikuwa amekielewa tangu alipokaa kizingitini. Tulizifanya nyumba kuwa za zamani ili zipate mchele. Lakini nyumba ya zamani isiyo kitabuni lazima iwe na mwenye kosa. Akisema walificha, jumbe anaingia mnyororoni na mchele hautoki. Jawabu lilikuwa moja tu, na yeye alikuwa ameshalijua siku tano, akatupangia mpaka majivu.

"Nilikosea, Bwana," akasema. "Siku ile nilikuwa na homa. Kilima hiki sikukimaliza."

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

Bwana akaandika nyumba tisa kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kipimo cha kwanza tulipanga mstari Bomani na vikapu, na siku hiyohiyo walimpiga mhesabu, uani, mbele ya ghala. Hamsa ishirini, ishirini na tano, adhabu mnayoijua. Mwenye kuhesabu kwa sauti alikuwa askari aliyecheka nyumbani kwetu, na nadhani alimpenda yule mzee, kwa sababu alipofika kumi na sita akasema haraka, "Kumi na nane." Sisi kwenye mstari tulisikia, tukamshukuru moyoni. Na kutoka pale chini, uso ukiwa kwenye mchanga, ikatoka sauti ya yule mzee: "Kumi na saba bado."

Bwana Shauri alikuwa amesimama barazani na kiko. Akaondoa kiko mdomoni. Akamtazama mtu yule aliyelala, ambaye eti alisahau nyumba tisa kwenye kilima kimoja, na ambaye hawezi kuacha kiboko kimoja kipite bila kuhesabiwa. Akageuka akatutazama sisi. Yeyo alikuwa wa tano kwenye mstari. Nilihesabu pumzi zangu. Angesema neno moja tu, ghala lingefungwa. Sijui mpaka leo alifikiri nini. Aliweka kiko mdomoni, akaingia ndani. Askari akasema, "Kumi na saba," akampiga. Mbele ya mstari mwanamke wa kwanza akamiminiwa mchele.

Dada yangu alianza kulia tena baada ya wiki mbili. Mtoto akilia hivyo, unataka aendelee.

Sasa ngoja niseme linaloniudhi. Kazi alinyang'anywa, nani ataajiri mhesabu asiyejua kuhesabu? Akawa anachota maji ya wafyatua matofali na mgongo ule. Mwaka uliofuata kodi ikaja, nyumba tisa zikadaiwa. Ambao hawakuwa na rupia wakaenda kuvunja mawe kwenye barabara ya Kisongo. Na huko barabarani, nyundo mkononi, tumbo likiwa na nguvu za mchele wa Boma, wakaanza kusema: yule mtu wa pwani ndiye aliyetuandika. Alikosea mara ya kwanza akatuponya, alipojirekebisha akatumaliza. Mpaka watoto wakawa wanamtania njiani, "Mzee, una vidole vingapi?" Naye anajibu kwa upole, "Kumi, mwanangu. Na wewe?" Nilipigana kwa ajili ya neno hilo mara nyingi kuliko nilivyokula nyama. Aliniita siku moja akanikataza. Akasema ukiwaeleza wataambiana, na wakiambiana litafika Bomani, na jumbe yupo. Ndiyo maana nilinyamaza, mimi, miaka yote hii.

Jumatatu nilipofika juu nikamwambia yeyo. Hakulia. Alikuwa anapika uji. Akautua, akatoa moto jikoni akaumwagia maji, akasema, "Beba mafiga." Nikamwambia yeyo, tutapikia nini? Akasema, "Leo tunapika kwake." Tukayafunga kwa majani ya mgomba, mimi mawili, yeye moja, bado yanachoma. Tulipopita kwa mama mkubwa, alikuwa amekaa mlangoni palepale. Aliangalia mzigo, akauliza, "Hayo ndiyo yale meupe?" Yeyo akasema ndiyo. Mama mkubwa akainuka, akafunga mbuzi wake mmoja kamba, akatufuata. Kutoka zile nyumba nyingine nane, ambazo saba bado zimesimama, mmoja alikuja na maharage, wengine wawili walikuja mikono mitupu wakitazama chini. Waliobaki hawakuja, nami sitawaandika majina. Waislamu wa mtaa wake walikuwa wameshamkafini. Baada ya maziko tukaweka mafiga uani kwa mjane, na wenzetu wa mtaa wakamchinja yule mbuzi. Mjane aliyatazama yale mawe, akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Akaniambia, "Sasa hata Bwana Shauri asingekuuliza." Akacheka, ndipo akalia.

Nasikia wilaya inataka tena kufungua fedha za njaa kwa watu wa upande wa Kisongo, ambao ng'ombe wao wamekufa, na nasikia watapewa kwa kitabu. Sisemi Boma lisisaidie. Mchele ule ulitoka kwenye mfuko wa wilaya na dada yangu anatembea. Lakini kitabu kilichotengenezwa kudai watu hakiwezi kuwajua wenye njaa wote, kwa sababu kila mtu mwenye akili alikikimbia. Kwa hiyo nyie majumbe, nyie makarani, nyie walimu wa misheni mnaosoma hapa: ngoma ikipigwa, msishangilie kama nilivyoshangilia mimi. Pandeni kilima, ingieni nyumba moja moja, ulizeni nani anakula kwenye chungu cha mwenzake. Mkimpata mtu wa kuwaandika hao, na mwakani kodi ikaja, semeni tuliambiwa. Hilo tu. Ni neno moja, na watu wa kilima changu walishindwa kulisema mpaka mtu kaingia kaburini.

Nami namwandikia hapa, kwa wino, kile alichonikataza kusema. Siku ile ya kwanza alihesabu sawasawa. Hakusahau hata nyumba moja juu ya Sekei. Zile tisa hazikuwapo. Tulizibomoa sisi, na nguzo nilikokota mimi.